Mimi Ni Mwalimu wa Nasari

Jina la Bwana libarikiwe, ndugu zangu! Nimesimama hapa mjini Koboko na jina langu ni safi, wala si kwa nguvu zangu.

Nilizaliwa Aroi. Nilipomaliza chuo cha ualimu, nilipata kazi hapa, kufundisha nasari, yaani watoto wa chekechea. Baba yangu, askari mstaafu, akasema, "Mimi nilizaa mwanaume. Kufuta watoto kamasi iko kazi ya wanawake." Maneno hayo yaliniuma!

Sokoni nako walinicheka. Kicheko nilikizoea. Lakini ukaja mnong'ono: mwanaume anayependa kukaa na watoto wadogo ana nia gani? Mama mmoja akamwondoa binti yake, Zaituni. Wengine wakafuata. Mwalimu mkuu akaniambia kwa upole kwamba, wakizidi kuondoka, hataweza kunibakisha.

Ndugu zangu, nililia mbele za Mungu. "Baba, kama kazi hii umenipa wewe, nitetee!" Nilipoinuka nilikuwa na wazo moja. Nikamwomba mwalimu mkuu awaalike wazazi waje kukaa darasani siku yoyote, bila kunijulisha. Mzazi kumwogopea mtoto wake si dhambi. Waje waone wenyewe.

Wa kwanza kuja alikuwa bibi yake Zaituni, mama wa Kiislamu ambaye mtaa mzima humwita Habuba. Alimshika Zaituni mkono, akakaa nyuma, hatabasamu. Nikaanza somo. Tuliimba, tukahesabu maharage, mmoja akamwaga uji, nikapiga deki. Basi Zaituni, ambaye tangu baba yake aende Juba alikuwa haongei na mtu, akasimama akaimba peke yake. Haleluya!

Habuba alifuta machozi kwa mtandio. Akatoka, akawaambia wanawake waliokuwa getini, "Mtoto yangu inarudi hapa. Watoto yetu wanaona wanaume ya kupiga tu. Wacha waone moja ya kuimba."

Watoto wakarudi, ingawa si wote. Hao wengine nawaombea. Na baba yangu, akiulizwa kazi yangu, sasa anajibu, "Mwalimu," bila kuangalia chini.

Asante, Yesu! Ndugu yangu unayechafuliwa jina, mkabidhi Bwana jina hilo, kisha fungua mlango watu waone. Nawe kijana wa kiume unayependa watoto lakini unaona aibu, mtumaini Mungu uje. Darasa langu limejaa, nami natafuta mwalimu mwenzangu.