Kituo Chetu Hakina Abiria

Kijiwe chetu kiko kwenye kituo cha treni ya mjini, na nikisema kwenye kituo simaanishi karibu na kituo. Tumo humo humo, chini ya paa la kampuni, juu ya benchi la kampuni, migongo tumeipa reli na nyuso tumezipa barabara, maana barabarani ndiko waliko watu wa kutazamwa. Mama Kahawa anaweka jiko lake kwenye kona isiyopigwa na upepo. Fundi Saa amejenga kimeza chake upande wa pili, na koti lake na mkoba wake wa vifaa huvitundika kwenye kile kinguzo chenye kisanduku ambacho kampuni ilikisimika siku ya ufunguzi ikaondoka bila hata kutuaga. Kinyozi naye yupo. Wateja wake wanajua kwamba wakikuta kiti cha saluni kitupu, waje wamwite huku. Yupo Wakili, ambaye sheria hakusomea. Aliwahi kuitwa kutoa ushahidi mahakamani, na tangu siku hiyo hajapona. Yupo Sikubali, na jina lake linatosha. Wa mwisho ni mimi, fundi rangi, na asubuhi hiyo nilikuja na bango nililoliandika kwa mkono wangu, herufi nyekundu: MSITUFUNGIE KITUO CHETU. Nikalitundika juu ya koti la Fundi Saa, mahali ambapo hata kipofu angeliona.

Jana yake kampuni ya treni ilikuwa imebandika tangazo. Lilisema, kwa lugha ya watu waliokaa ofisini kwenye feni, kwamba kituo hiki kitafungwa mwisho wa mwezi kwa sababu hakina abiria. Treni itakuwa inapita bila kusimama. Nimeshawahi kutukanwa, lakini nilitukanwa na watu wanaonifahamu.

— Hakina abiria, Kinyozi akasoma tena. Sasa sisi hapa ni nini? Mizigo?

— Sikubali, akasema Sikubali. Hiyo ni hesabu ya kituo kingine, wamekosea wakaibandika hapa.

— Kwani wanahesabuje? akauliza Fundi Saa bila kuinua macho kwenye saa aliyokuwa ameifungua. Kuna mtu amewahi kumwona mtu wao akija kuhesabu?

— Dereva ndiye anayehesabu, akasema Wakili. Anachungulia dirishani, anaona migongo. Na mgongo, kisheria, hautambuliki.

Hapo ndipo tulipogundua kwamba kila mmoja wetu alikuwa na kesi yake na kampuni. Kinyozi alisema aliwahi kumnyoa dereva mmoja akamkwaruza kidogo nyuma ya sikio, na tangu siku hiyo milango ya treni hapa inafungwa kwa hasira. Fundi Saa alisema hapana, tatizo ni saa ya kituo: aliwaandikia kwamba inachelewa, wakaona wameaibishwa, na mtu mkubwa akiaibishwa hulipiza kwa kufunga kitu. Nilimwuliza aliandika lini. Akasema alikuwa anajiandaa kuandika.

Mama Kahawa alikuwa anasuuza vikombe. Nilimtazama nikaona haya kidogo, kwa sababu sisi tulikuwa na hasira tu, yeye alikuwa na mgonjwa. Mumewe figo zimechoka. Siku za kliniki anampeleka kusafishwa damu hospitali ya mwisho wa reli, na treni hii ndiyo inayomwezesha, kwa sababu sakafu yake iko sawasawa na jukwaa: anasukuma kiti cha magurudumu kikaingia chenyewe, bila kumwomba mtu. Walihamia vile vyumba viwili nyuma ya saluni ya Kinyozi kwa ajili ya kituo hiki na si kingine. Kituo cha mbele kina daraja, na daraja lile ni ngazi tupu. Shemeji zake walishaanza kumwambia ampeleke mgonjwa kwao, mbali, wakamtunze wao. Yeye na mumewe wanajua kwamba huko kwa shemeji hakuna mashine ya kusafisha damu.

— Mama, nikamwambia, lakini wewe si unapanda hapa kila kliniki? Wewe peke yako unatosha kuwa abiria.

— Mimi nina kitambulisho cha hospitali, cha mgonjwa na msindikizaji wake, akasema. Mkaguzi akipita ndani namwonyesha, anatingisha kichwa, anaendelea. Sijui kama ananihesabu.

— Hakuhesabu, akasema Wakili. Kutingisha kichwa si hesabu.

Akapewa kikombe kingine kwa hoja hiyo, na kahawa ikampa nguvu. Akainama, akashusha sauti, tukainama sote. Akatuuliza kama tumewahi kuwatazama vizuri wale watu wa asubuhi. Wanakuja na mikoba yao, wamevaa nguo za kazini. Wanafika hapa, wanaangaza huku na huku. Wanatutazama sisi mmoja mmoja. Wengine wanazunguka hadi nyuma ya paa, wanachungulia, wanarudi. Kisha wanageuka, wanaondoka kwa miguu kuelekea kituo cha mbele, na treni hiyo inakuja.

Na kweli tulikuwa tumewaona.

— Niambieni, akasema Wakili, abiria gani anafika kituoni, treni anaiona kwa macho yake, halafu anaondoka?

— Wametumwa, akasema Kinyozi polepole.

— Wametumwa na kampuni. Wanakuja kutupeleleza, wakirudi wanaandika hawakuona abiria.

— Mmoja aliwahi kuniomba nisogee, akasema Fundi Saa. Nikamwuliza nisogee niende wapi, na hapa ndipo kazini kwangu. Akaondoka.

— Unaona.

Sikubali alitikisa kichwa. Hiyo aliiona ndogo mno. Kampuni nzima haiwezi kuajiri majasusi kwa sababu ya benchi, alisema, ila kama chini ya benchi kuna kitu. Akatuambia tufikirie kwa nini benchi hili asubuhi linakuwa na joto. Mabenchi mengine ya mji mzima asubuhi ni ya baridi, hili la kwetu ukikalia unahisi joto linapanda. Kuna madini chini. Wanataka kutuondoa wachimbe.

— Ni jiko la Mama Kahawa, nikasema. Liko nusu hatua kutoka hapo ulipokaa.

— Sikubali.

Na sisi, watu wazima wenye wajukuu, tukaanza kupapasa benchi.

Tulikuwa bado tunapapasa alipofika mwanamke mmoja anatembea haraka, mkoba begani, kadi mkononi. Wakili alinigusa kwa kiwiko. Mwanamke akafanya vile vile: akaangaza kushoto, akaangaza kulia, akatutazama, akaenda nyuma ya paa, akarudi. Kinyozi alikunja mikono kifuani. Fundi Saa akavuta kimeza chake karibu, mtu asije akaona jinsi saa zinavyofunguliwa.

— Hamjambo, baba zangu?

— Hatujambo, tukaitikia, kwa sababu jasusi naye ana haki ya salamu.

— Samahani, mimi mgeni, nimehamia juzi mtaa wa nyuma hapo. Eti hapa kadi inagusishwa wapi?

Kinyozi alimtazama Wakili, Wakili akanitazama mimi, mimi nikatazama kahawa yangu.

— Kugusishwa kivipi? akauliza Fundi Saa hatimaye.

— Kadi ya treni. Vituo vyote vina kisanduku, unagusisha kadi kabla ya kupanda. Ndivyo wanavyojua kuna mtu amepanda hapo. Nyinyi huwa mnagusisha wapi?

— Sisi? akasema Kinyozi.

— Si mnapandia hapa?

Wakili, ambaye tangu nimfahamu hajawahi kukosa neno, alisafisha koo akamwuliza ametumwa na nani. Mwanamke akasema hakutumwa na mtu, anachelewa kazini. Treni ikaingia nyuma ya migongo yetu, na kwa mara ya kwanza tuligeuka sote kuitazama. Milango ikafunguka. Yule mwanamke alisimama pale mlangoni na kadi yake mkononi, akasema akipanda bila kugusisha mkaguzi atamtoza faini, na wiki iliyopita walimtoza mwenzake. Milango ikafungwa, bila hasira yoyote niliyoiona. Treni ikaondoka.

Aligeuka akaliona bango langu. Akalisoma lote, herufi kwa herufi.

— Kumbe wanawafungia, akasema. Poleni sana.

Akaondoka kwa miguu kuelekea kituo cha mbele, anaharakisha.

Mama Kahawa alimsindikiza kwa macho hadi alipopotea. Kisha akaweka kitambaa chini, akafuta mikono kwenye kanga, akaja moja kwa moja hadi kwenye kinguzo. Alilitoa bango langu akanikabidhi. Alitoa mkoba wa vifaa akauweka kwenye meza ya Fundi Saa. Alitoa koti, akalikung'uta, akamrushia mwenyewe.

Kisanduku kilikuwa kinawaka taa ya buluu. Hakikuwashwa wakati ule. Kilikuwa kinawaka siku zote hizo, chini ya koti. Juu ya taa kulikuwa na maandishi, na mimi kama fundi rangi lazima niseme kwamba yalikuwa safi kuliko yangu: GUSISHA KADI HAPA.

Sikubali alifungua mdomo. Tulisubiri. Akaufunga.

— Lakini wangetuambia, akasema Kinyozi. Mtu anakuja anasimika kitu, haelezi, anaondoka. Huo ni ustaarabu?

Nilikuwa nimelishika bango langu na sijui pa kuliweka. Nilikumbuka watu wote wale wa asubuhi, mmoja mmoja, wanaangaza, wanatutazama, na sisi tunawakazia macho mpaka waondoke. Hasira niliyoamka nayo ilikuwa bado imenijaa, ila sasa haikuwa na pa kwenda isipokuwa kunirudia mimi mwenyewe.

Mama Kahawa hakutugombeza, na ingekuwa nafuu kama angetugombeza.

— Keshokutwa mume wangu ana kliniki, akasema. Na mwezi haujaisha.

Akarudi kwenye jiko lake. Wakili, kwa mazoea tu, akanyoosha kikombe.

— Kahawa imekwisha, akasema Mama Kahawa.

Tulilitazama birika. Mvuke ulikuwa unatoka mdomoni mwake.

— Mbona linafuka, mama?

— Imekwisha kwa asiye na kadi.

Kikombe cha Wakili kilibaki hewani kwa muda, kisha kikashuka. Kwa mbali treni nyingine ilisikika inakuja. Fundi Saa alilikunja koti lake taratibu, akaliweka mapajani, akakohoa.

— Sasa mama, akasema, hizo kadi zenyewe zinauzwa wapi?