Kidole cha Divine

Mzee Asukulu hakuwa na cheo, hakuwa na gundi ya bahasha, na tangu masika hakuwa tena na binti yake Divine. Ndani ya gari la kutoka Nundu kwenda Baraka, Mama Kezimana, mkimbizi mwenye kapu la chakula, alimtambua.

“Papa, si we uliandika ule mchezo wa mama mwenye mimba anakufa ku muto, juu hakuna daraja? Tulilia! Kisha?”

“Kisha bantu bote baliweka kidole kwa barua ya kuomba daraja.”

“Barua iko wapi?”

“Iko mufukoni.”

“Ee! Mufuko yako ndiyo bureau ya administrateur, mukubwa wa Fizi?”

Abiria walicheka. Mzee hakucheka. “Mwenye alicheza ule mama alikuwa Divine, mutoto yangu. Masika tulimubeba na mimba yake, kwa kipoyi, kitanda ya kubebea bagonjwa, mpaka ku ule muto. Ulijaa. Hatukuvuka. Alama ya kidole yake iko humu ndani. Nikituma, nitabaki na nini?”

“Pole, papa. Lakini aliiweka ili barua iende.”

Gari likasimama Baraka. Mzee aliigusa alama ile kwa kidole chake, akakunja barua, akaziba bahasha kwa tonge la bugali alilopewa na Kezimana, akamkabidhi dereva wa gari la kwenda Fizi.