Barua Kumi na Nne za Mwalimu Ladislaus Kashindi

Mwalimu Ladislaus Kashindi, tunayemzika leo Jumamosi, tarehe 22 Februari 2014, alizaliwa Uvira, Kivu ya Kusini, tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa kwanza wa mzee Kashindi na mama Kasilda. Mama yake alisimulia kwamba alilia siku tatu mfululizo bila sababu. Waliomfahamu hawakubali: sababu alikuwa nayo, ila hakuna aliyemsikiliza.

Alisoma Uvira mpaka akapata diploma ya taifa mwaka 1986, akasomea ualimu Bukavu, kisha akarudi nyumbani kufundisha Kifaransa na michezo. Mwanafunzi aliyechelewa uwanjani aliuzunguka mara tatu, na mwalimu alizunguka naye ili asidanganywe hesabu.

Alifunga ndoa na Valérie, binti wa Bujumbura, tarehe 9 Agosti 1997. Alifika kanisani saa nzima kabla ya mchungaji, na mchungaji alipotokea alimkuta bwana harusi mlangoni akitazama saa. Mwaka 2000 Mungu akawajalia Laetitia, mtoto wao wa pekee.

Vita viliwatoa Uvira, wakafika Durban, Afrika Kusini, mwaka 2003 na kupanga mtaa wa Sydenham. Hapa diploma yake haikumfaa kitu. Alilinda magari ya watu, halafu akapata kazi ya kupiga msasa viti katika kiwanda kimoja eneo la Jacobs, akaifanya mpaka ugonjwa ulipomwachisha.

Januari 2009 shule ya karibu ilimwambia imejaa, amlete mtoto mwaka ujao. Mwalimu alikasirika, akamwandikisha Laetitia kuwa mtoto wa kusomea nyumbani. Mchana alisoma saluni, mama yake alikosuka nywele za watu, jioni baba alisahihisha, na kalamu nyekundu haikuwa na huruma. Nafasi ilipopatikana mwaka uliofuata, Laetitia alikuwa amewapita wenzake, na baba yake akakataa kumrudisha nyuma.

Shida ilianza mwaka 2013, alipofika umri wa sekondari. Laetitia alikuwa mkimbiaji wa mita mia nane, mwepesi kweli, lakini mashindano ya wilaya yalipokea watoto wa shule tu. Mwalimu akaiandikia shule ya serikali iliyo jirani, akiomba akimbie pamoja na wanafunzi wao. Sasa, kwetu Kongo barua isiyo na mhuri haina baba wala mama. Kwa hiyo alikwenda mjini akachongesha mhuri wa mviringo, “Shule ya Nyumbani ya Sydenham, Mkuu wa Shule”, akaugonga chini ya sahihi yake, tena mara mbili.

Sekretari aliutazama mhuri, akamjibu kwamba kanuni haimruhusu mwanafunzi wa shule moja kuchezea shule nyingine. Mwalimu akaeleza kwamba shule yenyewe ni meza ya jikoni kwake. Akaambiwa basi aiingize shule yake mashindanoni. Akaenda kuiingiza, akaulizwa uwanja wake uko wapi. Akaandika upya bila mhuri, na safari hii akajibiwa kwamba hakuna ushahidi kuwa mtoto anasoma popote. Hivyo ndivyo mwaka mzima ulivyokwisha, mtu mzima akizungushwa kama pia.

“Papa Laeti, ile cachet njo ilituharibia,” Valérie alimwambia.

“Barua bila cachet iko barua gani? Iko karatasi ya kufungia karanga!”

Agosti 2013 figo zake zilianza kushindwa, akawa anakwenda hospitali kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Alipanga foleni na karatasi ya kuandikia mapajani. Barua ya kumi na nne iliandikwa hapo, na ndiyo iliyomfikia Bi Benedicta, mwalimu wa riadha wa shule ile, ambaye aliibeba mwenyewe hadi kwenye kamati ya wazazi na kukataa kuketi mpaka wapige kura.

Ruhusa ilikuja tarehe 12 Februari. Laetitia alimsomea baba yake barua hiyo wodini, alikokuwa amelazwa.

“Mbio iko siku gani?”

“Samedi ya tarehe vingt-deux, papa.” Yaani Jumamosi ya leo.

“Basi usikose. Mtu akikuzuia, hata juu ya matanga yangu, mwambie nitaamka nimuandikie.”

Alifariki Jumapili tarehe 16 Februari, saa moja asubuhi, Valérie akiwa amemshika mkono.

Maziko yetu huwa Jumamosi, kwa kuwa ndiyo siku ambayo watu hawako kazini, na nafasi ya makaburini ilikuwa ya leo. Tangu alfajiri simu ya mjane haijapumzika: mtoto yuko wapi, binti gani huyu asiyemzika baba yake, hii ni mila ya nani? Ndugu na majirani, tafadhali, inatosha. Valérie alimfunga binti kamba za viatu kwa mikono yake, akamtuma.

Marehemu ameacha mjane, Valérie; dada, Henriette, msomaji wa wasifu huu; mdogo wake, Honoré, aliyeko Uvira; na binti, Laetitia, ambaye saa hii, nne na nusu, sisi tukishusha jeneza, yuko kwenye mstari wa kuanzia na jezi ya shule mgongoni. Bwana ampe mwalimu wetu amani ambayo hakuipata katika ofisi ya mtu.