Bei ya Mashuka ya Bluu

Dada aliyekaa mbele yangu kwenye treni anauza mashuka mtandaoni, na alitaka behewa zima lijue kwamba biashara imelala. "Watu mia tatu wametazama tangu jana," alimlalamikia mzee aliyekaa naye, "na hakuna hata mmoja aliyenunua!"

Hawakuwa wakijuana. Mzee ni fundi saa, maana lenzi yake ilikuwa bado imekaa kwenye paji la uso. Aliipokea simu ya dada akaikagua kama saa iliyoingia maji. "Picha nzuri, binti yangu. Bei iko wapi?"

"Bei nawaambia inboksi, baba."

"Wote mia tatu? Hebu iandike chini ya picha, uone."

"Thubutu! Wifi yangu anashinda humo. Nilimuuzia mashuka haya haya kwa bei maradufu, nikamwambia nimempunguzia kwa sababu ni ndugu."

Fundi alikohoa. Na mimi nikakohoa, ingawa hakuna aliyenishirikisha.

"Basi mtandao hauna kosa," alisema fundi. "Haya, mimi mwenyewe nimeyapenda haya ya bluu. Bei gani?"

Dada alitukagua abiria mmoja mmoja, kana kwamba wifi yake amejificha chini ya kiti. Kisha akanong'ona: "Njoo inboksi, baba."

Treni iliposimama kituo cha mwisho nilichungulia. Fundi, bega lake likigusana na la dada, alikuwa bado anaandika kwa kidole kimoja: "Habari za asubuhi. Samahani kwa usumbufu."