Mama Jenifa wa Mtambo wa Majitaka, Runzewe (1962–2025)

Marehemu Euphrasia Mageni, ambaye Runzewe nzima ilimwita Mama Jenifa, alizaliwa Ushirombo tarehe 1 Agosti 1962, mtoto wa tatu wa Mzee Marcel Mageni na Mama Lusia, wakulima na wafugaji.

Alisoma shule ya msingi Ushirombo, sekondari Shinyanga, kisha chuo cha maji Dar es Salaam, alikohitimu ufundi wa maabara mwaka 1985. Darasa zima lilikuwa na wasichana wawili.

Tarehe 10 Septemba 1988 alifunga ndoa na Mwalimu Gelasius William, Parokia ya Ushirombo. Mungu akawajalia Jenifa, Samwel na Monika.

Alianzia kazi idara ya maji Shinyanga, na kuanzia 2002 alisimamia usafishaji wa majitaka ya kambi ya wafanyakazi mgodini Bugarama. Aliporudi Runzewe mwaka 2015 alikuta magari ya majitaka yakimwaga bondeni, na kila masika watoto wakiugua homa ya matumbo. Alizunguka maofisini miaka miwili hadi ujenzi wa mtambo wa kusafisha majitaka ukapitishwa.

Kwenye mkutano wa mtaa, Mzee Eliya, mwenye shamba jirani, aliuliza kwa nini wao wakae na kinyesi cha mji mzima. Marehemu alimwamkia kwanza, kisha akasema, "Baba, ujengwe. Nami nitajenga nyumba yangu ukuta kwa ukuta nao. Ukinuka, pua ya kwanza itakuwa yangu." Mwalimu Gelasius, aliyekuwa ameshashusha matofali kwenye kiwanja kingine, aliyahamishia huko.

Mtambo ulianza Mei 2019, yeye akiwa msimamizi. Januari iliyofuata, gari moja lilimwaga humo mabaki ya kemikali za kuchenjulia dhahabu. Vijidudu vinavyokula uchafu vikafa vyote, maji yakawa meusi, mtaa ukanuka, watu wakataka ufungwe. Marehemu hakubishana na mtu. Alisafisha matangi, akaenda kwa wenzake wa zamani Bugarama, akarudi na mapipa sita ya tope lenye vijidudu hai, kama mtu aombavyo maziwa ya mgando kidogo kwa jirani ili agandishe ya kwake. Siku kumi na tisa alivilisha na kuvipulizia hewa. Ya ishirini, maji yaliyopita kwenye mchanga na kwenye taa za kuua vimelea yalitoka maangavu. Tangu hapo hakuna gari lililoingia kabla mzigo wake haujapimwa langoni.

Tarehe 26 Juni 2021 alimwozesha Jenifa uani kwake, hatua thelathini kutoka kwenye matangi. Walikuja wageni mia tatu. Mzee Eliya alirudia sahani, kisha akasimama mbele ya watu: "Mama Jenifa, umenishinda. Nanusa tangu asubuhi, nasikia pilau tu." Leo anamwagilia malisho ya ng'ombe wake kwa maji yale.

Machi 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa Mwanza, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Wiki ya mwisho, Pantaleo, aliyemrithi kazini, alimletea majibu ya maabara: maji yamefaulu mwezi wa sitini mfululizo. Aliisoma karatasi mara mbili, akauliza, "Taa za vimelea zimefutwa?" Pantaleo akajibu zimefutwa. Akatabasamu, akaomba uji.

Aliaga dunia Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, saa tatu asubuhi.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, dada yake Serafina, na mtambo ambao asubuhi hii unafanya kazi.

Mungu ampokee, ampumzishe kwa amani.