Vijiti Juu ya Uchaga

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mzee Bilali Rashidy wa Mbekenyera, Ruangwa. Mtengeneza mishale. Mishale yake imefukuza nyani kwenye mahindi ya wengi wenu. Alifariki Ijumaa iliyopita, akiwa na miaka sabini na tisa.

Watu walimwita mgumu, na mgumu alikuwa kweli. Alitaka mti mmoja tu, mkole. Tena si mkole wowote. Alitaka chipukizi lililoota kwenye kisiki, nene kama kidole, lisilo na kifundo. Alilikata kiangazi, akalimenya, akaliweka juu ya uchaga wa jikoni, lipigwe moshi mwaka mzima.

Binti yake Hajra, aliyeolewa Lionja, Nachingwea, alitaka kurithi kazi hiyo. Kwa miaka sita alikuja kwa bodaboda, vijiti vya mkole alivyovikata mwenyewe mapajani. Mzee alifumba jicho moja, akakitazama kijiti, akakitupa. "Hiki kitakuumbua, mwanangu."

Miaka sita, wasikilizaji. Safari ya mwisho Hajra alichoka. Aliviacha vijiti mlangoni, akaondoka bila kuaga. Hakurudi mpaka alipopigiwa simu ya msiba.

Siku ya hitima mvua ilinyesha, kuni zikalowa. Jirani yao Mwamina akaona fungu la vijiti vikavu juu ya uchaga. Akavisukuma chini ya sufuria ya pilau. Mjane, Bi Zaina, alipoingia jikoni, yalikuwa yamebaki majivu.

Bi Zaina akamshika Hajra mkono. "Vile vilikuwa vyako, mwanangu. Vile ulivyoviacha mlangoni. Baba yako alivitazama kimoja kimoja, hakutupa hata kimoja. Nikamwambia, mpigie mtoto simu. Akasema vikauke kwanza, nitampelekea mwenyewe."

Mwamina alilia, akaomba radhi. Nani angemlaumu? Hajra ameniambia pilau ile ilimshinda. Aliinusa tu, akatoka nje. Nami niliposimuliwa nilifunga daftari langu.

Bi Zaina, Hajra, na ndugu wote wa Mbekenyera na Lionja, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu Mzee Bilali. Nawe mzazi unayenisikiliza, kama kazi ya mwanao umeikubali kimoyomoyo, unangoja nini? Zima redio, umpigie.