Papa Zakaria na Kompyuta Iliyolala Saa za Kazi

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Papa Zakaria, karani mkuu wa Ushirika wa Kakao Tuinuke hapa Kabondo, Kisangani, anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Siku hiyo aliichagua mwenyewe. Ni sikukuu ya uhuru, ofisi imefungwa, kwa hiyo kuondoka kwake hakutampotezea mtu yeyote hata saa moja ya kazi.

Alianza mwaka 1991 na mashine ya kuandikia yenye herufi moja iliyovunjika. Wakati wa vita aliificha chini ya kitanda chake, na mkewe, Mama Fatouma, bado analalamika kwamba mashine ilipewa blanketi zuri kuliko lake.

Wote tunaijua kanuni ya nyumba yetu: hapa Tuinuke hakuna kazi ya mtu mmoja. Mmoja anatenda, mwingine anashuhudia, wote wawili wanatia sahihi, hata kama kazi yenyewe ni kubadilisha balbu ya choo. Aliyeilinda kanuni hiyo ni Papa Zakaria, na katika madaftari yake yote hamkuwa na nafasi ya shahidi iliyobaki tupu. Ndivyo tulivyoamini.

Oktoba mwaka jana kompyuta yetu, ambayo ni moja tu, iliwekewa mfumo mpya. Kuanzia siku hiyo, ukiiacha dakika kumi bila kuigusa, ililala. Ukiiamsha, picha ilirudi lakini mtandao haukurudi, mpaka uizime na kuiwasha upya, na kuwaka kwake kulitosha mtu kwenda kununua kwanga, mkate wa muhogo, na kurudi. Mama Josée wa mapokezi alisema wazi: "Hii machine inalala kuliko sentinelle," yaani kuliko mlinzi wa usiku.

Tuliita mafundi watatu. Wa kwanza aliona virusi, wa pili aliona joto, wa tatu aliona kwamba tunahitaji kompyuta nyingine. Ndipo mkurugenzi wetu, Papa Dominique, alipotoa amri ya maandishi inayokataza kompyuta kulala saa za kazi. Nakala moja ilibandikwa ukutani, nyingine ikapelekwa kwa mhusika, yaani ikabandikwa juu ya kompyuta yenyewe, na naibu wa mkurugenzi, Tonton Papy, akatia sahihi ya kupokea kwa niaba ya kompyuta.

Kompyuta haikutii. Basi ikaundwa ratiba ya kipanya. Kila nusu saa wafanyakazi wawili walikaa mbele ya mashine, mmoja akisukuma kipanya ili isisinzie, mwingine akishuhudia kwamba kimesukumwa, kisha sahihi na mhuri. Nasema bila aibu kwamba huo ndio uamuzi bora kuwahi kutolewa na ofisi yoyote hapa Kisangani, kwa sababu ratiba hiyo iliniweka mimi, Solange wa dawati la mizigo, karibu na Arsène.

Arsène alikuwa ametoka ghala la Bafwasende kuja kutusaidia kuingiza karatasi za magunia zilizorundikana. Barua yake ya kazi ilisema atakaa hapa mpaka mashine ipone, halafu atarudi. Nusu saa ni fupi mno mtu akiwa na sauti kama yake. Nilisukuma, akashuhudia. Akasukuma, nikashuhudia mikono yake, na kipanya sikukiona kabisa. Kufikia Novemba nilikuwa naamka nikiiombea ile kompyuta iendelee kuumwa, maana siku itakapopona ndiyo siku pikipiki itakapomrudisha Arsène msituni.

Papa Zakaria, wakati huo, alikuwa akifanya jambo ambalo hakuna fundi aliyelifanya: aliiuliza mashine yenyewe. Aliandika saa iliyolala na saa iliyoamka. Alibadilisha kitu kimoja tu kwa siku, akaandika kilichotokea, akakirudisha. Nikamwuliza siku moja kama yuko karibu kuiponyesha. Hakuinua macho kwenye daftari. "Mutoto yangu, endelea tu kusukuma souris," alisema. Nami nikaendelea. Ofisi nzima iliendelea miezi saba, na ripoti ya mwaka ikaisifu ratiba kwamba imeshinda teknolojia.

Tarehe 7 Juni tulifunga ndoa. Papa Zakaria alisimama upande wetu kama shahidi, na suti yake ya mwaka 1991 bado ilimkaa. Kanuni ya kumi na mbili ya ushirika inasema mume na mke hawapangiwi vituo viwili, kwa hiyo Jumatatu yake Arsène alipewa barua ya kubaki Kabondo daima.

Siku hiyohiyo Papa Zakaria alinikabidhi madaftari yake, kwa kuwa mimi ndiye nitakayekalia kiti chake. Alinifungulia ukurasa mmoja, akatoka kwenda kunywa chai. Uliandikwa hivi:

"Tarehe 19 Novemba 2024, saa saba na robo. Nimeona kwamba mashine ikiamka, taa ndogo ya mtandao inabaki imezimwa. Mfumo mpya unakizima kifaa cha mtandao ili kuokoa umeme, kisha unasahau kukiwasha. Kwenye mipangilio ya kifaa hicho kulikuwa na alama inayoruhusu jambo hilo. Nimeiondoa. Nimeilaza mashine mara tatu, nimeiamsha mara tatu, mtandao umerudi mara tatu. Mashine imepona. Sitasema bado, maana Arsène atarudishwa Bafwasende na Solange atabaki analia kwenye dawati la mizigo. Shahidi: hakuna. Papy alikuwa zamu nami, lakini amelala."

Nililia, kisha nikamwita mume wangu naye akasoma, akacheka mpaka Mama Josée akaja kuuliza kuna nini. Papa Zakaria ameturuhusu kuandika haya, mradi yasomwe akiwa tayari nyumbani kwake. Kwa hiyo, wenzangu wapendwa, mnaweza sasa kukiachia kile kipanya. Papa Dominique, kwa heshima zote, ile amri inaweza kubanduliwa.

Na nafasi ya shahidi iliyobaki tupu katika miaka thelathini na minne, nimeijaza kwa sahihi yangu, na Arsène ametia yake chini, na mhuri upo.

Asante, Papa. Pumzika sasa saa yoyote unayotaka, bila amri ya mtu. Ulale kwa amani kando ya Mama Fatouma, na kila ukiamka ukute wote unaowapenda bado wanapatikana.